Kamba Hukatikia Pabovu: Maisha na Kazi ya Wilhelm Albert, Ofisa wa Migodi

Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pabovu. Maneno hayo huwafaa wachota maji kisimani, mabaharia na wafungaji wa mizigo. Lakini hapana watu yaliowafaa zaidi kuliko wale waliofanya kazi chini ya ardhi katika milima ya Harz, kaskazini ya Ujerumani, zamani za babu zetu. Kwao kamba ikikatika, au mnyororo ukikatika, haikuwa hasara ya ndoo moja ya maji. Ilikuwa ni shehena nzima ya mawe kuporomoka mamia ya mita, ikivunja ngazi na mihimili, na kuwaangukia wanaume waliokuwa na wake na watoto nyumbani.

Leo askari anayevuta lori lililozama matopeni kwa winchi, mpagazi anayetazama winchi kubwa za bandari za Mombasa na Dar es Salaam zikinyanyua makasha, na mama anayepanda lifti kwenda orofa ya nane hospitalini, wote wanaitegemea kamba ya namna moja, yaani kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma. Watu wengi huidhani kamba hiyo kuwa ni kitu cha kawaida ambacho kimekuwapo siku zote. Sivyo. Ina tarehe yake, ina mahali pake, na ina mtu wake. Ajabu iliyopo ni kwamba mtu huyo hakuwa mhunzi wala mhandisi kwa masomo yake. Alikuwa mwanasheria aliyeajiriwa katika ofisi ya serikali.

KIJANA WA SHERIA

Wilhelm August Julius Albert alizaliwa tarehe 24 Januari, 1787, katika mji wa Hannover. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa ni mkusanyiko wa madola makubwa na madogo, kila moja na mtawala wake, na mtawala wa Hannover ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Uingereza. Kijana Albert alipelekwa katika Chuo Kikuu cha Göttingen kusoma sheria, masomo yaliyokuwa mlango wa kawaida wa kuingilia utumishi wa serikali.

Mwaka wa 1806, akiwa na umri wa miaka 19, alikwenda katika mji wa Clausthal, juu ya milima ya Harz, kuanza kazi katika idara iliyosimamia migodi na misitu. Mwanzo wake haukuwa wakati wa utulivu. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yakivuka Ulaya yote, na kuanzia mwaka wa 1807 hadi 1813 nchi ile ilitiwa ndani ya ufalme mpya wa Westphalia, uliotawaliwa na Jérôme, ndugu yake Napoleon. Baada ya Wafaransa kushindwa, Hannover ilirudishwa kwa watawala wake wa zamani na kufanywa ufalme mwaka wa 1814. Bendera zilibadilika, lakini mashimo ya migodi yalibaki pale pale, na wachimbaji waliendelea kushuka kila siku. Albert naye aliendelea na kazi yake, akapanda daraja baada ya daraja, mpaka akafikia cheo cha Oberbergrat, ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita mshauri mkuu wa migodi.

MILIMA YA FEDHA

Ili kufahamu uzito wa kazi hiyo, yafaa kwanza kuifahamu nchi yenyewe. Milima ya Harz ya Juu ni nchi ya baridi kali, yenye theluji nyingi na misitu minene ya misonobari. Nafaka haistawi vizuri huko. Utajiri wake ulikuwa chini ya ardhi: fedha, risasi na shaba. Miji saba ya wachimbaji ilijengwa milimani kwa ajili ya madini hayo, na Clausthal ilikuwa mmojawapo wa miji mikuu.

Hisa za migodi mingi zilikuwa mikononi mwa watu binafsi, lakini uendeshaji ulikuwa mikononi mwa serikali. Ofisi ya migodi ndiyo iliyoamua mahali pa kuchimba, kiasi cha mbao za kukata, maji ya kutumia, na mishahara ya kulipa. Kwa hiyo ofisa wa migodi hakuwa karani wa kuandika hesabu tu. Maamuzi yake yaligusa chakula cha kila nyumba na uhai wa kila mchimbaji.

Nguvu zote za mitambo zilitokana na maji. Kwa karne kadhaa wachimbaji wa Harz walijenga mabwawa na mifereji iliyoyakusanya maji ya mvua na theluji na kuyapeleka kwenye magurudumu makubwa ya mbao. Bwawa la Oderteich, lililojengwa kati ya mwaka 1715 na 1722, lipo hadi leo. Mengine ya magurudumu hayo yalipiga pampu za kutoa maji migodini. Mengine yalipandisha mawe ya madini, na haya yalikuwa na safu mbili za vyombo vya kupokea maji, zilizoelekezwa kinyume. Mlinzi akifungulia maji safu moja, gurudumu lilizunguka upande mmja na kupandisha mzigo. Akifungulia safu ya pili, lilizunguka upande mwingine na kuuteremsha. Mwaka wa 2010 shirika la UNESCO liliuingiza mfumo huo wa maji katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na mgodi wa Rammelsberg na mji wa Goslar ambavyo vilikuwamo tangu mwaka wa 1992.

NYUMBANI KWA MCHIMBAJI

Maisha ya familia za wachimbaji yalikuwa magumu, lakini hayakuwa bila mpango. Katika mji wa Osterode, chini ya milima, serikali ilijenga ghala kubwa la nafaka kati ya mwaka 1719 na 1722. Nafaka ilihifadhiwa humo na kuuzwa kwa wachimbaji kwa bei iliyowekwa, ili mwaka wa njaa usiwaangamize watu wa milimani ambao hawakuwa na mashamba ya kutosha.

Kadhalika wachimbaji walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana. Chama cha aina hiyo kilichokuwa Goslar kimetajwa katika hati ya mwaka wa 1260, na aghalabu huhesabiwa kuwa mwanzo wa vyama vya bima vya wachimbaji wa Ujerumani. Fedha za chama zilitumika kuwasaidia waliougua na walioumia. Wanaume waliofanya kazi gizani walijua kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kubeba msiba wa mgodi. Ni sharti wengi waubebe pamoja.

Katika mji wa Sankt Andreasberg familia nyingi zilifuga ndege wadogo waimbao, wanaoitwa kanari, na kuwatengenezea vizimba vya mbao. Ndege hao wa Harz walipata sifa mbali sana kwa uzuri wa sauti zao, na fedha iliyopatikana kwa kuwauza iliongeza pato la nyumba. Hivyo baba alishuka mgodini, na nyumbani mama na watoto walilisha ndege.

Kuhusu kushuka mgodini, hakukuwa na chombo cha kumbeba mtu. Mchimbaji alitumia ngazi za mbao, moja chini ya nyingine, zilizolowa maji na matope. Mwaka wa 1824 mshairi Heinrich Heine alitembelea Clausthal, akashuka katika migodi miwili, Carolina na Dorothea, na baadaye akaieleza safari hiyo katika kitabu chake juu ya milima ya Harz. Yeye alishuka mara moja tu, kama mgeni. Wachimbaji walishuka kila siku ya kazi, na baada ya saa nyingi za kugonga mwamba iliwapasa kupanda tena. Shimo la mita 484, lenye ngazi ambazo vipandio vyake vimeachana kwa sentimita 30, lina vipandio zaidi ya 1,600. Mtu kijana aliweza kuvipanda. Mtu wa miaka 45, mwenye mapafu yaliyojaa vumbi, alivipanda kwa kuhema na kupumzika, na siku moja hakuweza tena.

ADUI ALIYEJIFICHA NDANI YA CHUMA

Mawe ya madini yalipandishwa kwa vyombo vilivyofungwa kwenye kamba za katani ya Ulaya au kwenye minyororo ya chuma. Kila kimoja kilikuwa na aibu yake.

Kamba ya katani ilikuwa laini na rahisi kukunja, lakini ilioza upesi katika unyevu wa mgodi. Tena ilikuwa ghali, na ilibidi inunuliwe mara kwa mara. Kadiri shimo lilivyozidi kwenda chini, kamba ilibidi iwe ndefu na nene zaidi, hata ikafika hatua ambapo sehemu kubwa ya nguvu zake ilitumika kujibeba yenyewe.

Mnyororo haukuoza, lakini ulikuwa mzito kupita kiasi, na ulikuwa na hatari iliyofichika. Mnyororo una pete mamia, na uzima wake wote hutegemea kila pete. Pete moja ikiwa na kasoro, basi mnyororo wote una kasoro. Lililo baya zaidi ni kwamba pete haitoi onyo. Asubuhi yaonekana nzima, na mchana yakatika.

Albert hakuridhika na jibu jepesi la kusema kwamba mhunzi fulani alifanya kazi mbaya. Minyororo iliyokatika ilikuwa imebeba mizigo ile ile kwa muda mrefu bila tatizo. Kwa nini basi ikatike siku hiyo, na mzigo haukuongezwa? Akatengeneza mtambo wa kuipima. Mtambo huo uliutia mnyororo mzigo na kuuondoa, ukatia tena na kuondoa tena, maelfu ya mara, kama ilivyotokea katika kazi ya kila siku. Tena hakupima kipande cha chuma kitupu, bali alipima mnyororo wenyewe uliotumika mgodini.

Mwaka wa 1829 alitoa taarifa ya jambo aliloliona: chuma chaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo ambao kingeweza kuubeba vizuri mara moja, endapo mzigo huo unarudiwa mara nyingi mno. Mwaka wa 1837 alichapisha makala juu ya uchunguzi huo. Wataalamu wa leo huita hali hiyo uchovu wa metali, na wanamhesabu Albert kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa duniani kuuchunguza kwa vipimo.

Msomaji aweza kulithibitisha jambo hili nyumbani kwa kipande cha waya. Kivute kwa mikono yako, hakitakatika. Lakini kikunje na kukikunjua mahali pamoja mara kadhaa, nacho kitavunjika vipande viwili, ingawa hukutumia nguvu nyingi. Ndani ya chuma hutokea ufa mdogo usioonekana kwa macho. Kila mkunjo huuongeza kidogo, mpaka sehemu iliyobaki nzima haitoshi tena kubeba mzigo. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika chuma, haba na haba hukitoboa.

TAREHE 23 JULAI, 1834

Baada ya kuujua ugonjwa, ilibaki kutafuta dawa. Albert alifikiri hivi: ikiwa hatari ya mnyororo ni kwamba uhai wote hutegemea pete moja, basi itafutwe njia ya kuugawa mzigo kwa nyuzi nyingi, ili moja ikikatika nyingine zishike. Kamba ya katani ilikuwa na faida hiyo, lakini ilioza. Chuma hakikuoza, lakini kilikuwa katika umbo la pete. Kwa nini chuma kisisokotwe kama kamba?

Katika mji wa Clausthal mafundi wake walichukua nyuzi za waya wa chuma zenye unene wa milimita 3.5. Nyuzi nne zilisokotwa pamoja kuwa ncha moja, kisha ncha tatu zikasokotwa pamoja kuwa kamba. Kamba nzima ilikuwa na nyuzi 12 tu. Kazi yote ilifanywa kwa mikono. Nyuzi ndani ya ncha na ncha ndani ya kamba zilisokotwa kwa kuelekea upande mmoja, na msokoto huo hadi leo Wajerumani huupa jina la Albert.

Tarehe 23 Julai, 1834, kamba hiyo ilianza kutumika katika shimo la mgodi wa Caroline huko Clausthal, lenye kina cha mita 484. Kwa hesabu ya nyuzi 12 za unene ule, kila mita ya kamba ilikuwa na uzito usiofikia sana kilo moja, na kamba ya kufika chini ya shimo ilikuwa na uzito wa kama kilo 450. Mnyororo wa kubeba mzigo ule ule ungekuwa mzito zaidi. Kwa hiyo nguvu ya gurudumu la maji, iliyokuwa ikipotea kwa kupandisha chuma kitupu, sasa ilipandisha madini.

Lakini faida kubwa zaidi haikuwa katika uzito. Kamba ya waya inapoanza kuchoka, haikatiki yote ghafula. Huanza uzi mmoja kukatika, na ncha zake hujitokeza nje kama miiba. Nyuzi zilizobaki huendelea kubeba, kwa sababu msuguano kati yao huushika hata ule uzi uliokatika na kuufanya uendelee kusaidia mbele na nyuma ya pale ulipokatikia. Mlinzi anayekagua kamba kila siku huiona miiba hiyo, huihesabu, na kuibadilisha kamba kabla ya msiba. Chuma sasa kilipewa ulimi wa kusema, "Nimechoka." Kidole kimoja hakivunji chawa, na uzi mmoja hauwezi kulinda uhai wa watu, lakini nyuzi kumi na mbili zikishikana zilifanya kazi iliyoishinda mnyororo.

Haikuwa kamba isiyo na kasoro. Nyuzi zake zilikuwa nene, kwa hiyo haikupenda kukunjwa kwenye roda ndogo. Ilihitaji magurudumu mapana. Wavumbuzi wa baadaye walitumia nyuzi nyembamba zaidi na nyingi zaidi, wakatia kiini cha katani katikati ili kuilainisha kamba. Hata hivyo msingi ulikuwa umekwisha wekwa.

NGAZI ZAPATA MSHINDANI

Kamba ya Albert ilipandisha mawe kwanza, siyo watu. Kwa upande wa watu, msaada ulitoka kwa ofisa mwenzake wa migodi ya Clausthal, Georg Ludwig Dörell. Mwaka wa 1833 Dörell alibuni mtambo uitwao Fahrkunst. Nguzo mbili ndefu ziliteremshwa shimoni, zikiwa na vikanyagio. Gurudumu la maji lilizisogeza kwa zamu: moja ikipanda, nyingine ilishuka. Mchimbaji alisimama kwenye kikanyagio cha nguzo iliyokuwa ikipanda. Ilipofika mwisho wa mwendo wake alihamia kwenye kikanyagio cha nguzo ya pili, ambayo sasa ilianza kupanda. Na hivyo hivyo akafika juu bila kuparamia ngazi. Ilihitaji uangalifu, maana aliyekosea hatua alikuwa hatarini. Lakini iliokoa nguvu na muda, na wazee waliokwisha shindwa ngazi waliweza kuendelea na kazi.

Uvumbuzi huu na ule wa Albert ukakutana. Katika mgodi wa Samson huko Sankt Andreasberg, mtambo wa aina hiyo uliwekwa mwaka wa 1837, na ndani yake zikatumika kamba za waya. Mgodi wenyewe, uliofikia kina cha zaidi ya mita 800, ulifungwa mwaka wa 1910, lakini mtambo ulihifadhiwa na kuendelea kuwashusha mafundi wa umeme wa maji waliofanya kazi ndani ya shimo hilo.

HAKUFICHA SIRI

Hapa ndipo tabia ya mtu huyu inapoonekana. Albert angeweza kuifanya kamba yake kuwa mali ya siri, au kutafuta hati ya kumiliki uvumbuzi na kudai malipo kwa kila aliyeiga. Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1835 maelezo ya namna ya kuitengeneza yalikuwa yamekwisha chapishwa, ili kila mgodi wenye haja uweze kusokota kamba yake. Kwake yeye, uvumbuzi uliofanywa na mtumishi wa serikali, kwa mafundi wa serikali, ulikuwa ni wa kuwafaa wachimbaji wote.

Habari zilienea upesi. Migodi mingine ya Ujerumani na ya Austria ikaanza kutumia kamba za waya. Huko Uingereza, Robert Stirling Newall alipata mwaka wa 1840 hati ya kumiliki mtambo wa kuzisokota. Huko Marekani, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, John Roebling, alianza kutengeneza kamba za waya mwaka wa 1841 katika jimbo la Pennsylvania, mahali ambapo kamba za katani zilitumika kuvuta mashua juu ya vilima, kutoka mfereji mmoja hadi mwingine, na mara kwa mara zilikatika. Baadaye Roebling na familia yake walijulikana ulimwenguni kote kwa madaraja ya kuning'inia, mojawapo likiwa daraja la Brooklyn, New York, lililofunguliwa mwaka wa 1883.

Ujuzi wa kusokota waya ulifika hata chini ya bahari. Mwaka wa 1851 kebo ya simu ya maandishi ililazwa kati ya Uingereza na Ufaransa, ikiwa imevikwa nyuzi za chuma zilizosokotwa ili kuikinga na miamba na nanga. Mwaka wa 1879 kebo ya namna hiyo, kutoka Aden, ilifika Zanzibar na kuendelea kusini. Hivyo habari za bei za karafuu na za safari za meli, zilizokuwa zikichukua majuma kadhaa, zikaanza kupita baharini kwa muda mfupi, ndani ya vazi la waya uliosokotwa.

MWISHO WA SAFARI

Wilhelm Albert alifariki tarehe 4 Julai, 1846, huko Clausthal, mji alioutumikia kwa muda wa miaka 40. Alikuwa na umri wa miaka 59. Hakuiona kebo ya bahari wala daraja la Brooklyn. Hakuiona lifti ikipanda orofa kumi. Lakini aliiona kamba ya waya ikichukua mahali pa mnyororo katika migodi aliyoisimamia, na hilo ndilo alilolitaka.

Migodi ya Clausthal yenyewe ilifungwa mwaka wa 1930, na mgodi wa mwisho wa madini hayo katika Harz ya Juu, ule wa Bad Grund, ulifungwa mwaka wa 1992. Shule ya migodi iliyoanza Clausthal mwaka wa 1775 imekuwa chuo kikuu cha ufundi, na vijana kutoka nchi nyingi husoma humo. Mabwawa ya zamani yamebaki milimani, na watalii huogelea mahali ambapo zamani maji yalihifadhiwa kwa ajili ya magurudumu.

YATUPASAYO KUJIFUNZA

Yako mambo matatu katika maisha ya ofisa huyu ambayo yanafaa kufikiriwa na kila mwenye dhamana, awe kambini, kituoni au nyumbani.

La kwanza ni kwamba ajali haimalizwi kwa kutafuta wa kulaumiwa. Mnyororo ulipokatika, ilikuwa rahisi kumwadhibu mhunzi na kuagiza mwingine. Albert aliuliza kwa nini, akapima, na akagundua kwamba hata mnyororo uliotengenezwa vizuri huchoka. Laiti angeishia kuadhibu, wahunzi wengi wangeadhibiwa, na minyororo ingeendelea kukatika.

La pili ni kwamba kifaa chema ni kile kinachotoa onyo, lakini onyo halina faida pasipo mtu wa kulitazama. Kamba ya waya ina miiba yake. Asiyeikagua ni sawa na aliyerudi kwenye mnyororo. Kwa sababu hiyo, kila mahali penye kazi ya kamba za waya huwekwa kanuni za ukaguzi: nyuzi zilizokatika huhesabiwa katika urefu maalumu, kutu hutazamwa, mafuta hupakwa, na kamba iliyojipinda kifundo huondolewa kazini hata kama yaonekana ngumu. Dereva wa gari la winchi anayeipitia kamba yake, tena kwa glavu nene mikononi maana miiba hiyo hukata, anaufanya ukaguzi ule ule uliofanywa Clausthal. Tena anawaamuru wenzake wasisimame karibu na kamba iliyokazwa, kwa kuwa ikikatika hurudi kama mjeledi.

La tatu ni kwamba elimu ya kuokoa maisha haifai kufungiwa sandukuni. Ofisa huyu wa milimani aliiacha itoke, nayo ikazunguka dunia kwa muda usiozidi miaka kumi na ikawafikia watu ambao hawakujua jina lake.

Kamba hukatikia pabovu, walisema wahenga, nao walisema kweli. Basi kazi ya kila mwenye dhamana ni kupatafuta hapo pabovu mapema, wakati mzigo ungali chini.